Nimelipia matangazo ya makochi laki tatu, nimeuza seti moja. Wenye biashara ndogo tuelekezane

#1 Fundi wa Keko (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni fundi makochi, karakana yetu ipo Keko, Dar es Salaam, kwenye ule msururu wa mafundi ambako mtu akitaka kitanda au kabati anaelekezwa aje. Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye kazi. Nina vijana wanne wanaonitegemea na cherehani mbili. Miaka yote wateja wetu wamekuwa wa kupita barabarani na wa kuelekezana. Mwaka jana nikaona majirani wanapata oda za mtandaoni, nami nikafungua akaunti ya biashara Instagram, nikaiunganisha na ya Facebook, nikaanza kulipia posti.

Ndani ya miezi mitatu nimelipia posti tisa, jumla kama laki tatu na kitu. Nimepata laiki nyingi sana, wafuasi kama 700, jumbe za "bei?" zisizo na idadi, na seti moja ya 1,150,000 iliyokwenda Tabata. Ukitoa mbao, sponji, kitambaa, usafiri na posho za vijana, faida ya seti ile haifikii hata hela niliyotangazia.

Kila mara nilibonyeza kile kitufe cha bluu cha kutangaza posti, nikaacha mfumo uchague wenyewe watu wa kuonyeshwa, nikaweka Tanzania nzima. Nikaandikiwa kutoka Bukoba, Songea, Sumbawanga. Watu wazuri, wanauliza kwa heshima, lakini kochi la watu watatu kulifikisha Bukoba nauli yake peke yake inamkatisha mtu tamaa.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu ni mama mmoja wa Kigamboni. Alifika karakana mwenyewe, simu mkononi, akanionyesha sofa ya L ya kijivu iliyokuwa kwenye ukurasa wangu. Akasema, "Fundi, ndiyo hii. Nionyeshe ilipo nikae niione." Sikuwa nayo. Ile picha niliitoa mtandaoni, sofa ya kiwandani ya nje. Nikamwambia naweza kumtengenezea inayofanana. Akanyamaza kidogo, halafu akanieleza kwamba mwaka juzi alitanguliza nusu ya hela kwenye ukurasa mmoja, akaletewa mabanzi yaliyofunikwa kitambaa kizuri. Mwezi wa nne kiti cha katikati kikabonyea mpaka kwenye ubao. Akaniaga vizuri tu, akaondoka.

Usiku ule nilikaa nikafuta kila picha ambayo si kazi ya mikono yetu. Zilikuwa 38 kati ya 61. Zilizobaki nyingi zina giza na vumbi la randa, lakini ni zetu.

Nimebakiza laki moja ya kujaribu. Naomba mwenye uzoefu aniambie: kosa lipo kwenye kulipia tangazo, au lipo kwangu?

#2 Muuza Vitenge Kariakoo

Mkuu, kwanza hongera kwa kufuta zile picha. Wengi hawathubutu.

Pili, umesema jumbe za "bei?" hazina idadi. Hapo ndipo penye ugonjwa, na mimi niliugua miaka miwili. Huku kwetu Mtaa wa Kongo na Narung'ombe maduka yanatazamana mlango kwa mlango, kwa hiyo kila mmoja anaogopa jirani akijua bei yake atashusha. Tukazoea kuandika "bei inboksi". Sasa jiweke kwenye nafasi ya mteja. Yupo kwenye daladala, amepita kurasa sita, zote bei inboksi. Anaandika "bei?" sita. Atakayejibu kwanza ndiye atakayezungumza naye. Wewe unamjibu saa tatu usiku ukitoka kazini, mwenzako alishamjibu saa nane mchana.

Siku moja nikajilazimisha. Pisi ya yadi 6, elfu 28, nikaandika juu ya picha kwa herufi kubwa. Jumbe zikapungua sana, nikadhani nimejiharibia. Wiki ilipoisha nikahesabu mauzo, yamezidi wiki iliyotangulia. Walioandika walikuwa wameshaijua bei, wanauliza rangi na wapi walipie. Jirani yangu bei yangu alikuwa anaijua siku zote, anamtuma tu kijana aje kuuliza. Niliyekuwa namficha ni mteja.

#3 Mama Keki wa Kwa Mrombo

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mimi naoka keki hapa Arusha, nyumbani, oveni moja. Kaka Fundi, nina swali kabla ya ushauri. Yule wa Tabata aliyenunua, alikujuaje? Una hakika alitoka kwenye tangazo?

Nauliza hivyo kwa sababu na mimi nilikuwa nalipia na kuamini tangazo ndilo linalonilisha. Halafu kwenye daftari la oda nikachora safu moja ya ziada, "amesikia wapi". Kila anayeagiza namuuliza kwa upole na kuandika hapo hapo. Mwezi mmoja tu ukanifundisha kitu ambacho simu haikuwahi kunionyesha. Wengi walikuwa wamekula kipande cha keki yangu kwenye sherehe ya mtu mwingine, wakaulizia nani kaoka. Tangazo lilikuwa na wake, lakini wachache.

Basi nikaanza kubandika stika kwenye kila boksi, ina namba yangu ya WhatsApp tu na neno "naoka kwa oda". Roli ya stika inanitosha miezi na ni bei rahisi.

Na kwenye kujibu, dada zangu na kaka zangu, WhatsApp ya biashara ni ya bure na ina mambo mengi tunayoyaacha. Kuna katalogi ya kuweka picha na bei, kuna lebo za kumtenga aliyelipa na ambaye hajalipa, na kuna ujumbe unaojituma wenyewe. Mimi nikiwa nimepaka siagi mikono yote, mteja anapata, "Nipo jikoni, nakujibu kabla ya saa saba. Bei zote zipo kwenye katalogi." Watu wanasubiri wakijua wanasubiri nini.

#4 Msimamizi wa Kurasa

Nafanya kazi ya kuendesha kurasa za biashara ndogo, saluni, gereji, maduka ya dawa. Niongeze upande wa kitufe cha bluu, maana ndipo hela ya mleta uzi ilipopotelea.

Kitufe kile kinakuuliza lengo. Watu wengi wanapita haraka na kuchagua "watembelee ukurasa wangu". Mfumo unakusikiliza vizuri kabisa, unawatafutia picha yako watu wenye tabia ya kubonyeza na kuchungulia kurasa. Ukichagua ujumbe wa WhatsApp, unawatafuta wenye tabia ya kuandika. Kwa hiyo Fundi, ulipata ulichoomba. Uliomba wachunguliaji.

Eneo nalo. Usiweke nchi, wala usiweke mkoa. Weka pini kwenye karakana, chora duara la kilomita kama 15. Toka Keko, Daraja la Nyerere lipo karibu, kwa hiyo Kigamboni ipo ndani, Mbagala ipo ndani, Temeke yote ipo ndani. Hao wanaweza kuja kukaa kwenye kochi kabla hawajatoa hela, na kwa kochi hilo ndilo jambo lenyewe. Mwenye vitenge anaweza kutangaza nchi nzima kwa sababu mzigo wake unaingia kwenye mfuko na kupanda basi.

Usilipie siku moja moja kwa kubahatisha. Chukua picha mbili au video mbili tofauti, zipe hela sawa, eneo moja, siku zilezile, halafu angalia ipi imeleta mazungumzo ya kweli. Laiki ziache kabisa kwenye hesabu.

Kwa wenye iPhone: tangu 2024 Meta yenyewe iliwaeleza wafanyabiashara, ikianzia Marekani, kwamba kulipia posti ndani ya programu ya iPhone kunaongezwa ada ya Apple ya asilimia 30, na ukilipia kupitia kivinjari ada hiyo haipo. Angalieni risiti zenu.

Halafu kuna kitu cha bure ambacho mafundi hawakitumii. Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea kwenye ramani. Jina, namba, saa za kazi, picha za karakana. Mara nyingi watakuomba uwarushie video fupi inayoonyesha eneo na vifaa ili wathibitishe upo kweli. Anayeperuzi Instagram unamkatiza mambo yake. Anayeandika "fundi makochi Keko" kwenye Google ameshaamka na shida ya kochi.

#5 Mzee wa Mwanjelwa

Vijana, nawasoma. Mimi nauza vipuri Mbeya tangu enzi za kumlipa mtangazaji wa redio asome jina la duka baada ya taarifa ya habari. Sina ugomvi na simu, ninayo na naitumia. Lakini nawakumbusha tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima dunia nzima kwa saa kama sita. Kijana wangu dukani alikuwa na oda za watu ndani ya simu na hakuna hata namba moja aliyoiandika mahali. Tangu siku hiyo kila mteja anaingia kwenye kitabu cha karatasi.

Sasa Fundi, nina jambo moja kwako. Una miaka 11 unatengeneza makochi. Makochi ya mwaka wako wa tatu na wa nne leo yako wapi? Sponji imelala, kitambaa kimepauka, watoto wamekichana. Hao watu umewahi kuwapigia simu hata mara moja?

#6 Fundi wa Keko

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako nimelisoma mara tatu.

Sijawahi kumpigia hata mmoja. Vitabu vya risiti ninavyo, vipo kwenye gunia nyuma ya stoo, karibu kila risiti ina namba ya simu kwa sababu tulikuwa tunaandika ili kumpigia mteja kazi ikiisha. Kazi ikiisha, basi, namba imeisha kazi.

Dada wa keki, yule wa Tabata nimempigia leo kumuuliza. Anasema alikaa kwenye makochi yangu kwa shemeji yake, halafu ndipo akanitafuta Instagram apate namba. Kwa hiyo hata ile seti moja sikuipata kwa tangazo.

#7 Mpambaji wa Mombasa

Assalaam aleykum nyote. Mimi ni wa Kisauni, napamba harusi na kupaka hina. Fundi, naona utaanza kupiga picha makochi yakiwa majumbani mwa watu, na ni wazo zuri, lakini tafadhali chunga sana.

Huku kwetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule nayo ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto. Nanyi Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Msidhani mteja akitabasamu mbele ya kamera ndiyo amekubali kutangazwa.

Mimi bi harusi namuuliza kabla sijagusa mkono wake, "Mwanangu, niweke picha au nisiweke?" Wengine hukubali mikono pekee, uso hapana. Wengine hukataa kabisa, na hao ndio huniletea dada zao kwa sababu wameona siri yao nimeitunza. Wewe piga kochi, si sebule. Picha za ukutani za familia, mtoto anayepita, namba ya gari nje ya dirisha, vyote viondoe. Na jibu la mteja liwe kwa maandishi, hata ujumbe mmoja wa WhatsApp watosha.

#8 Kijana wa Saluni, Mwanza

Swali la haraka wakuu, vipi kumlipa mtu maarufu aniposti? Na hawa wanaouza wafuasi elfu kumi?

#9 Muuza Vitenge Kariakoo

Wafuasi wa kununua usiguse. Hawana nywele za kusuka, na siku ukitaka kujua posti gani imependwa utakuwa unasoma watu ambao hawapo.

Mtu maarufu, inategemea anafuatwa na nani. Saluni yako ipo Mwanza, mtu mwenye wafuasi wa nchi nzima anakupa macho ya watu ambao hawatafika kwako. Msuke bure dada anayejulikana chuoni au kanisani au msikitini hapo mtaani kwenu, mwenye marafiki mia mbili wanaoishi umbali wa bodaboda ya buku. Na aseme wazi kwamba amesukwa na wewe, asijifanye amepita tu.

#10 Fundi wa Keko

Wakuu nimerudi. Ni wiki ya tano sasa tangu nianzishe uzi, nilitaka nirudi na hesabu mkononi.

Nilianza na lile gunia la risiti, baada ya swali la mzee. Tumetoa vitabu, mimi na kijana wangu mmoja, tukaandika upya namba 64 zilizosomeka. Nikazipiga jioni, tano tano kwa siku, baada ya kazi. Namba 19 hazipatikani au zina mtu mwingine. Sikuanza na kuuza. Nilisema, "Mimi ni yule fundi wa Keko aliyekutengenezea makochi, nauliza yanaendeleaje." Wengi walishtuka. Mzee mmoja wa Chang'ombe aliniambia maneno ambayo bado ninayo kichwani: "Fundi, nimekutafuta mwaka mzima. Simu yangu iliibiwa na namba yako ikaenda nayo. Nimekuja Keko mara mbili nikashindwa kuijua karakana, mmebadilisha bati." Huyo mwaka mzima alikuwa na hela ya kunipa.

Kati ya waliopokea, tisa walitaka kubadilishiwa kitambaa au sponji. Saba tumeshamaliza kazi zao. Kwenye kubadilisha kitambaa fremu ipo tayari, kwa hiyo hela inayobaki ni nzuri kuliko seti mpya. Gharama yangu yote ilikuwa vocha.

Upande wa tangazo, nilifuata alivyosema Msimamizi. Elfu 40, siku sita, lengo ujumbe wa WhatsApp, duara la kilomita 15. Nikagawa, nusu kwenye picha nzuri ya seti iliyokamilika, nusu kwenye video. Ile video kijana aliipiga kwa simu, sekunde 50, haina muziki, unasikika msumeno wa jirani. Nimelala chini kabisa, nachana kile kitambaa cheusi cha chini ya kochi kwa kisu, naonyesha mikanda ilivyosukwa, springi, na fremu ya mbao za mkongo. Halafu napachika kiganja kwenye sponji, nabonyeza kwa uzito wangu wote, naachia, inarudi. Mwisho ninashika kipande cha boksi nilichoandika kwa kalamu kubwa: 3-2-1 (yaani kochi la watu watatu, la wawili na la mmoja), 1,250,000, kitambaa unachagua, njoo ukae kwanza.

Picha ilileta jumbe nne. Video ilileta 23. Katika hao, sita walifika karakana, wawili wamelipa malipo ya awali. Mmoja wao alikuja na mumewe, akaenda moja kwa moja kwenye kochi la maonyesho, akaligeuza kichwa chini miguu juu mwenyewe, akasema, "Chana kama kwenye video." Nikachana.

Zile nauli za Bukoba sijaulizwa hata moja.

#11 Mama Keki wa Kwa Mrombo

Kaka nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Na safu ya "amesikia wapi" umeichora?

#12 Fundi wa Keko

Nimeichora dada, na stika yako nimeiiba kwa ruhusa yako. Yule mzee wa Chang'ombe aliniuma sana, kwa hiyo kuanzia sasa kila kochi linalotoka hapa lina kibao kidogo cha bati chini, upande wa mbele, ukiinama unakiona. Tumekigonga kwenye mbao, si kwenye kitambaa, kwa sababu kitambaa kitabadilishwa siku moja na sitaki namba iondoke nacho.

#13 Mzee wa Mwanjelwa

Kimeandikwa nini?

#14 Fundi wa Keko

Mwezi na mwaka wa kutengenezwa, mbao iliyotumika, na namba mbili za simu, yangu na ya mke wangu. Jina la karakana halikuenea kwenye bati.

Yule mama wa Kigamboni namba yake ninayo, aliniachia siku ile. Nilimtumia video nikamwandikia, "Mama, picha ile nimeifuta. Hii ni kazi yetu." Tiki zimekuwa za bluu tangu Jumanne, hajajibu. Sitamsumbua tena. Kesho saa mbili asubuhi tunavuka daraja kupeleka seti Kibada, na mwenye nyumba ameshakubali kwa maandishi tupige picha kochi tu, bila sebule.